Ufunguo wa gari ukibaki mmoja, tengeneza wa akiba mapema

Magari mengi ya mtumba yanayoshuka bandarini Dar kutoka Japani huja na ufunguo mmoja tu. Tunauwekea mkanda wa ngozi, tunasahau. Wa akiba tunaukumbuka siku ule wa kwanza umezama baharini Kigamboni au umebaki kwenye bajaji. Hapo fundi anakutajia bei anayoitaka yeye, na huna ubavu wa kubishana: kuongeza ufunguo wakati mwingine upo ni kazi ya muda mfupi, lakini kuanza bila hata mmoja mara nyingi maana yake ni kuifuta kumbukumbu ya imobilaiza, ule mfumo unaoizuia injini kuwaka bila ufunguo inaoutambua, na kwenye baadhi ya magari kuifungua kabisa kompyuta.

Mimi natengeneza mwenyewe kinachotengenezeka. Kinachobaki nakipeleka kwa fundi nikiwa najua ninachotaka.

Ule ufunguo wenye vitufe una wapangaji watatu ndani ya nyumba moja, na hawajuani. Kuna meno, yanayozungusha swichi. Kuna rimoti, yaani saketi ndogo yenye betri, na shughuli yake inaishia kwenye senta loki ya milango. Halafu kuna chipu ya imobilaiza, kadude keusi kasikohitaji betri. Koili iliyozunguka swichi ndiyo inayoiamsha na kuisoma ili injini iruhusiwe kuwaka. Kwa hiyo gari la kuchomeka ufunguo halikosi kuwaka eti betri ya rimoti imekwisha. Fundi akikwambia hivyo, msikilize kwa adabu, kisha nenda kwa mwingine.

Si kila gari lina chipu. Ulaya waliifanya lazima kwa magari mapya mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo gari lako likiwa limetoka Uingereza, hesabu kwamba inayo. Japani hawakubanwa hivyo, na Toyota ndogo nyingi za zamani hazina. IST yangu ni mojawapo. Chomoa ufunguo utazame dashibodi: ukiona taa nyekundu yenye alama ya gari na ufunguo inawaka na kuzima, imobilaiza ipo. Ukiwa bado na shaka, zungushia kichwa cha ufunguo foili ya kufungia chakula, matabaka kadhaa, kisha piga stati. Ikigoma, au ikiwaka na kuzima papo hapo, chipu ipo. Ikiwaka ikatulia, uwezekano mkubwa haipo, na ufunguo wako wa akiba utakuwa wa bei nafuu mno: meno tu yanatosha.

Kinachoharibika mara nyingi ni kava, siyo vilivyomo. Mpira wa vitufe unatoboka, bawaba inalegea, na muuza funguo anataka kukuuzia ufunguo mzima. Nunua kava tupu. Langu nilinunua Kariakoo kwa elfu kumi na tano. Nenda na la zamani mkononi, linganisha idadi ya vitufe, mfereji wa ulimi (kile chuma chenye meno) upo upande gani, na betri inakaa wapi. Picha ya kwenye simu haitoshi, kuna makava yanayofanana kwa sura yakatofautiana ndani kwa milimita moja.

Kulifungua hakuhitaji nguvu. Kama lina skrubu nyuma, tumia bisibisi ya saa. Kama halina, pitisha kwenye mshono kile kiplastiki cha kufungulia simu. Saketi itatoka yenyewe. Sasa tulia, maana hapa ndipo watu wanapoumia: chipu si lazima iwe kwenye saketi. Kwenye funguo nyingi ni kipande cheusi kilichofichwa ndani ya tundu lake karibu na shina la ulimi, na mara nyingine kimebandikwa kwa gundi. Ukikitazama haraka utadhani ni plastiki ya kava imemeguka. Jirani yangu alihamisha saketi akatupa kava na chipu yake ndani, tukamulika pipa la taka usiku kwa tochi ya simu mpaka tukaipata. Kama imegandishwa, usiichokonoe kwa bisibisi. Ipulizie joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha kata plastiki ya pembeni kwa wembe, itoke na sehemu ya nyumba yake. Zipo pia za kioo, ndogo zaidi. Hizo zikidondoka sakafuni, umekwisha.

Ulimi wa zamani ukiwa umeshikiliwa na pini, isukume nje kwa msumari mwembamba na nyundo ndogo, uuhamishie kwenye kava jipya. Huo ndio ushauri wangu hata kama kava limekuja na ulimi wake, kwa sababu kuchonga ni kazi ya kumwachia mwenye mashine. Yule wa barabarani mwenye tupa na jicho zuri anaweza kukuchongea ufunguo wa meno ya pembeni ukafanya kazi vizuri tu. Ule wenye mfereji katikati ya ulimi usimpelekee, unataka mashine yake maalumu. Na ufunguo uliolika ukinakiliwa, nakala inarithi ulaji wote. Wako ukiwa hadi uutikise ndiyo uzunguke, mwambie fundi asome kitasa cha mlango wa abiria, ambacho hakijachoka kama swichi.

Rimoti ikizubaa, anza na betri. Tarakimu zake ni vipimo: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, CR2016 ni 1.6. Ukiweka nyembamba mahali pa nene italegea, rimoti itafanya kazi leo na kesho ikatae. Betri nzuri ina volti 3 au zaidi kidogo. Ikiwa ni nzima lakini kitufe kimoja kimekufa, tatizo ni kile kiswichi kidogo kwenye saketi. Mpelekee fundi simu, siyo fundi gari. Huyu anacho kiswichi kama hicho na ana mkono mwepesi wa kuchomelea.

Ukinunua rimoti mpya, uliza masafa ya mawimbi yake ya redio kabla ya kuuliza bei. Magari ya soko la Japani kwa kawaida yako kati ya 312 na 315 MHz, ya Uingereza na Ulaya ni 433. Rimoti mbili zinaweza kufanana mpaka chapa na zisielewane na gari moja. Kuisajili, baadhi ya magari hayahitaji mashine. Kwenye X-Trail ya zamani ya shemeji yangu tulifunga milango yote tukiwa ndani, tukapiga loki ya mlango wa dereva, tukachomeka ufunguo na kuuchomoa kabisa mara 6 ndani ya sekunde 10. Indiketa zote zikapepesa mara 2. Tukazungusha ufunguo hadi ACC, hatua ya kwanza ya swichi, tukabonyeza kitufe cha rimoti mpya mara moja, zikapepesa tena. Usifanye kwa pupa, gari linataka kuuhisi ufunguo ukiingia na kutoka. Honda nazo zina mtindo wao, ila ukianza kusajili zinafuta rimoti za zamani, kwa hiyo ziwe zote mkononi. Na kumbuka wale wapangaji hawajuani: njia hii inasajili rimoti ya milango tu, chipu bado.

Kwa magari ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe, sina la kukudanganya, nenda kwa fundi mwenye mashine. Jihadhari tu na rimoti za mtumba, kwa sababu za Toyota zikishasajiliwa kwenye gari moja hujifunga, na hazikubali lingine mpaka zifunguliwe kwa kifaa maalumu. Betri ya rimoti ikikuishia njiani, usiite mtu: ndani yake kuna ulimi wa kufungulia mlango, na ukishaingia, kwenye magari mengi unakanyaga breki, unagusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha unabonyeza.

Fundi akimaliza, kabla hajachomoa waya wake, mwambie akuonyeshe mashine inasoma funguo ngapi zimesajiliwa. Ikisoma 3 na wewe unazo 2, afute zote, asajili upya hizo mbili ukiwa umesimama hapohapo.