Padre asipofika kigangoni Jumapili, nivuke kwenda mjini au nibaki na ibada ya katekista?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwaka jana tulihama Sinza tukajenga Kigamboni, kule ndani ambako bado kuna mashamba ya mihogo na mikorosho. Kigango chetu, yaani tawi dogo la parokia, kinapata Misa Jumapili moja kwa mwezi, mara chache mbili. Jumapili nyingine katekista, mlei anayefundisha dini, anaongoza ibada na kutukomunisha. Mimi siku hizo nachukua bodaboda na wanangu wawili mpaka feri, tunavuka na pantoni, tunasali Mtakatifu Yosefu. Wenzangu wa jumuiya, familia jirani tunaosali pamoja, wanasema najiona mtu wa mjini. Mume wangu anasema ibada inatosha, nauli tununulie unga. Je, ibada ya katekista inatimiza amri ya Jumapili? Nikibaki, natenda dhambi?

JIBU: Milele amina, mama.

Nianze na mume wako, kwa sababu yeye na wewe kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Ibada ya katekista haitimizi amri ya kushiriki Misa, hata ikiwa nzuri namna gani. Misa ni sadaka ya Kristo altareni, na bila padre hakuna Sala ya Ekaristi. Lakini Kanisa hilohilo lililoweka amri linajua kwamba mapadre ni wachache na barabara ni mbaya. Sheria ya Kanisa, kanoni ya 1248, ina sehemu mbili. Ya kwanza inasema umetimiza wajibu ukishiriki Misa popote inapoadhimishwa kwa taratibu ya kikatoliki, Jumapili yenyewe au jioni ya siku inayotangulia. Ya pili inasema kama Misa haiwezekani, kwa kukosa padre au kwa sababu nyingine nzito, inahimizwa sana waamini washiriki liturujia ya Neno, au wasali kwa muda wa kutosha, mtu peke yake, kifamilia au familia kadhaa pamoja.

Kwa hiyo bibi jirani yako ambaye magoti hayamruhusu kupanda bodaboda hana deni lolote akibaki kigangoni. Asichoweza, hadaiwi. Asije akaungama kosa ambalo hakulitenda. Nimeshawasikiliza wazee wengi wakiungama hilo kwa machozi, na inaniuma.

Wewe je? Hapo dhamiri yako ndiyo hakimu, maana mimi sijui hali ya sufuria nyumbani kwenu. Kama nauli ipo, watoto ni wazima na njia inapitika, nenda kwenye Misa, na usimwonee mtu aibu. Kama nauli hiyo ndiyo unga wa Jumatatu, au ni masika na njia imekuwa tope, au mtoto ana homa, baki na usali na wenzako kwa moyo mweupe. (Na bodaboda moja kubeba mama na watoto wawili, hapana. Hilo nalisema kama baba, sheria ya Kanisa haijaligusa.) Kabla hujavuka maji, kaulize pia ofisi ya parokia yenu kama kuna Misa ya Jumamosi jioni au kigango jirani chenye zamu Jumapili hiyo. Huenda unavuka bahari wakati padre yuko kilomita chache kutoka kwako.

Komunyo ya katekista isikutie shaka. Hostia zile ziliwekwa wakfu na padre kwenye Misa, na katekista anazigawa kwa ruhusa halali. Ni Bwana yuleyule. Maelekezo ambayo Roma ilitoa mwaka 1988 kuhusu ibada za Jumapili pasipo padre yanataka tu isichanganywe na Misa: mlei anayeongoza haketi kwenye kiti cha padre, hasemi maneno yaliyo ya padre, na mwishoni anaomba baraka kwa ajili yetu sote, naye akiwemo. Katekista wenu akifuata hayo, mshukuruni. Akirefusha mahubiri kupita ya padre, hilo mzungumze naye taratibu, na mwambieni paroko nami nimekubaliana nanyi.

Sasa hili la kujitenga, ambalo naona ndilo linalokuuma zaidi.

Niliwahi kupangiwa parokia yenye vigango sita. Kimoja kilikuwa na rimu ya lori imening'inizwa kwenye mkorosho, ndiyo kengele. Katekista, mzee wa makamo, aliigonga saa moja asubuhi na tena saa mbili. Jumapili moja gari lilinasa kwenye mchanga, nikafika saa sita mchana nimelowa jasho. Kanisa tupu. Mezani kulikuwa na daftari la sadaka limeandikwa kwa penseli, hesabu imejumlishwa mara mbili, na pembeni mayai manne kwenye kawa. Nikadhani wamechoka kunisubiri wakarudi makwao. Mtoto mmoja akanionyesha kwa kidole: wote walikuwa nyumba ya tatu, kwa mama aliyekuwa amelala wiki mbili hajiwezi. Walikuwa wamemaliza ibada, wakahamia kwake na Rozari, vijana wakimchotea maji, kina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, wakifua mashuka. Nilimpaka yule mama mafuta ya wagonjwa mbele ya kijiji kizima. Tangu siku ile sijawahi kuiita ibada ya kigango "ibada ya kuzugia" kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa padre kijana.

Jambo hili lina mizizi mirefu. Mwaka 1882 wamisionari Wakatoliki waliokuwa Buganda, katika Uganda ya leo, waliondoka wakavuka ziwa kuja kusini, upande huu wetu, wakarudi 1885. Kwa karibu miaka mitatu wakristo wale wachanga walibaki bila padre hata mmoja. Walei kama Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa na Matia Kalemba waliwakusanya, wakafundisha, wakasali nao. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Walei hao watatu ni miongoni mwa tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni kama Mashahidi wa Uganda. Kwa hiyo maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na kuamua kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo, kisha 1976 wakazifanya kipaumbele cha uchungaji, sioni kama waliokota kitu kigeni.

Wenzako hawakukosea kuona pengo, ingawa maneno yao ni makali. Jumapili tatu za mwezi hawakuoni. Hawajui kama mtoto wako anaumwa, na wewe hujui nani amefiwa. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu ni zuri, Wabenediktini walilijenga kati ya 1897 na 1902 na linatazama bahari, lakini pale ukikosekana wiki mbili hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Uzikwapo, mama, watakaobeba jeneza ni hao wanaokuita mtu wa mjini.

Ninachokushauri ni kwamba Misa na jumuiya visigombane ndani yako. Jumapili ukiweza, vuka ukasali Misa. Siku ya jumuiya, iwe Jumamosi alfajiri au jioni ya katikati ya wiki, usikose. Lete mkeka wako, keti chini na wengine. Kama mnasali Rozari na kuna bibi anayejua Matendo ya Furaha, Uchungu na Utukufu tu, kwa sababu ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002 na yeye aliikariri zamani, msimkatize. Mwacheni amalize kumi lake la Salamu Maria.

Na ukiwa unakwenda mjini, jioni ya Jumamosi mpitie yule bibi jirani yako umuulize kama kuna nia anataka uiombee Misani. Ukirudi, mweleze padre alihubiri nini. Kidogo hicho kitawanyamazisha wanaosema unajitenga, kuliko maelezo yoyote utakayowapa mlangoni mwa kanisa.

Kuhusu mume wako: msiligeuze hili kuwa ugomvi wa nauli mbele ya watoto. Pangeni pamoja mwanzoni mwa mwezi, Jumapili ipi mnavuka wote, ipi mnabaki kigangoni wote. Ratiba ya Misa za vigango hubandikwa mlangoni mwa kanisa la parokia. Ipige picha, uisome kwenye jumuiya Jumamosi hii.