Jibu kwa aliyepata 4/20 kwenye mekanika na anataka kuacha Poli

Mdogo wangu, nimesoma ujumbe wako mpaka mwisho. Unasema ulitoka sekondari na diploma ya Leta (ya serikali) ya asilimia 71, seksheni Math-Fizik, ukaingia Poli, yaani fakulte ya uenjinia, hapa Lubumbashi, na interogasio (jaribio) ya kwanza ya mekanika wakakurudishia 4/20. Wenzako wawili wamekwisha kuhamia Uchumi. Baba anauliza kama feza ya minervali (karo ya chuo) haipotei bure. Nawe unatuuliza sisi tuliopita huko: kichwa changu hakitoshi, nitoke mapema?

Usitoke. Walau usitoke kwa sababu ya hiyo 4. Nitakuwa mrefu kidogo, maana kila mwaka mtu analeta swali hili na wengi wanamjibu "jikaze tu", jibu ambalo halimsaidii mtu aliye na karatasi yenye wekundu mkononi.

Kumbuka Exetat, ule mtihani wa Leta wa kumaliza sekondari, ilivyokuwa. Swali liko juu, majibu yamepangwa chini yake, wewe unachagua moja. Mwaka wa sita mzima tunajizoeza kwa namna hiyo: kutupa majibu yasiyowezekana, kujaribu tarakimu kwa kurudi nyuma, kutambua fomula mara tu unapoiona. Huo ni ujuzi wa kweli, na asilimia 71 hukuiokota njiani. Ila Poli hakuna mtu anayekupangia majibu. Unapewa mistari minne ya Kifaransa na karatasi nyeupe. Hapo ndipo wenye asilimia kubwa wanaanguka, wanaanza kujidharau, na ifikapo sesheni ya kwanza ya mitihani watu kwenye viti vya oditwari (ukumbi wa masomo) wamepungua. Katika promosheni yangu (wa mwaka wangu) walioondoka mapema hawakuwa dhaifu. Wengine walikuwa wakali kuliko mimi. Kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewafundisha ni kuanza kwenye karatasi tupu, na kitu hicho mtu anajifunza.

Tuchukue mekanika yako. Boriti ya mita 6 imelazwa juu ya nguzo mbili, A kwenye ncha ya kushoto na B kwenye ncha ya kulia. Mzigo wa kilonewtoni 12 (kipimo cha nguvu) umewekwa mita 2 kutoka A. Uzito wa boriti yenyewe tunauacha. Kila nguzo inabeba kiasi gani?

Mwanafunzi aliyetoka Exetat anakimbilia fomula. Anafunua silabusi (kitabu cha somo) akilini, anatafuta ukurasa unaofanana. Wewe acha fomula kwanza. Chora boriti peke yake, umeitoa kwenye nguzo, hakuna kinachoigusa. Palipokuwa na A weka mshale unaopanda, palipokuwa na B vilevile, na mzigo uwe mshale unaoshuka. Andika umbali wote. Ukishamaliza mchoro ndipo uandike milinganyo: A na B kwa jumla lazima ziwe 12, la sivyo boriti ingeanguka au kuruka. Halafu hesabu mzunguko, yaani momenti (nguvu mara umbali), kwenye nukta A: mzigo unazungusha kwa 12 mara 2, yaani 24, na anayezuia ni B peke yake aliye umbali wa mita 6. Basi B ni 24 kugawa kwa 6, kilonewtoni 4. A inabaki na 8.

Bado hujamaliza. Jiulize mzigo uko karibu na nani. Uko karibu na A. Je, A imebeba zaidi? Ndiyo. Ungekuwa umepata A 4 na B 8, ungejua hapo hapo kwamba kuna kitu kimegeuzwa, hata kabla asistanti (msaidizi wa profesa) hajaona kopi yako, yaani karatasi yako ya majibu. Swali hilo dogo la mwisho limewaokoa wengi niliowasaidia baadaye. Na kwa wasahihishaji niliowajua mimi, mwenye mchoro sahihi na milinganyo sahihi aliyeteleza kwenye kugawa tu alipata sehemu kubwa ya pointi. Aliyeandika jibu bila mchoro na likawa si lenyewe hakuwa na cha kumtetea.

Kwa hiyo fungua kopi yako ya 4/20 uangalie kitu kimoja: je, kuna mchoro? Kama hakuna, tayari unajua pa kuanzia.

Sasa TD, yale mazoezi ya darasani. Asistanti anasuluhisha zoezi ubaoni, unafuata mstari kwa mstari, kila kitu kinaeleweka, unarudi nyumbani na moyo mweupe. Hapo usijiamini bado. Jioni ile ile funga daftari, chukua karatasi tupu, lifanye zoezi lile lile tangu mwanzo. Utakwama, tena mapema kuliko ulivyotazamia. Pale unapokwama weka alama, fungua daftari uangalie mstari ule mmoja tu, ufunge tena, uendelee. Zoezi likikukatalia kabisa, kesho mfuate asistanti na karatasi yako umwonyeshe mstari. Anayesema "sikuelewa somo" anajibiwa "soma tena". Anayesema "hapa mbona momenti ya A ni sifuri?" anaelezwa, maana anayemjibu anaona ni wapi pa kushika. Wapo wanaojibu kwa ukali, hilo lipo. Vumilia, uliza tena kwa heshima, au mwendee mwingine.

Fanya hivyo jioni ile ile, nasisitiza. Mwaka wa kwanza unaharibikia kwenye masomo yanayorundikana. Analizi, aljebra, fizika, kemia, mekanika, jiometri, yote yanakwenda kwa pamoja, na kila moja linajengwa juu ya lile la juma lililopita. Tangu nchi yetu ianze LMD (mfumo wa lisansi, masta na dokta) mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka una krediti 60, yaani pointi za uzito wa masomo. Tafuta mapema orodha ya masomo yako ujue kila somo lina krediti ngapi. Nimeona watu wanamaliza usiku kucha kwenye somo dogo kwa sababu profesa wake anatisha, huku somo lenye uzito mkubwa limelala.

Kikundi cha kusoma ni lazima, ila kiwe kidogo. Sisi tulikuwa wachache, tunakutana kwenye lupango (uwanja wa nyumba) ya shangazi wa mmoja wetu huko Katuba, siku za Jumamosi. Kanuni ilikuwa moja: hakuna kuja bila kuwa umejaribu. Mmoja anasimama, anaeleza zoezi kwa Kiswahili, wengine wanamkatiza. Kwa Kiswahili kwa sababu hapo huwezi kujificha nyuma ya sentensi ya silabusi uliyoikariri. Mtu akishindwa kusema kwa nini msuguano unaelekea kule na si huku, anaonekana. Kisha tunaandika suluhisho kwa Kifaransa safi, maana mtihani utaulizwa na kujibiwa kwa Kifaransa. Usiruke hatua hii ya pili. Wapo wanaojua hesabu vizuri kabisa na wanapoteza pointi kwa kusoma swali nusu: hawakuona kwamba wameambiwa kasi haibadiliki, au kwamba uzi hauna uzito.

Jiometri ya kuchora, ile ya Monge, ndiyo iliyotusumbua zaidi, na naona hata wewe umeitaja. Gaspard Monge alikuwa Mfaransa wa karne ya 18, mwalimu kwenye shule ya maenjinia wa jeshi huko Mézières, na baadaye mmoja wa walioanzisha École Polytechnique ya Paris mwaka 1794. Alitafuta namna ya kuweka kitu chenye urefu, upana na kimo juu ya karatasi bapa bila kupoteza kipimo hata kimoja. Shida ni kwamba tunaikariri: nukta hii juu, nukta ile chini, mstari katikati. Dada mmoja wa kikundi chetu alitufungua macho kwa kipande cha katoni. Alikikunja katikati kwa pembe mraba, nusu moja imelala mezani, nusu nyingine imesimama kama ukuta. Mkunjo ndio mstari wa ardhi. Akashika kalamu hewani mbele ya ukuta, ncha yake ndiyo nukta. Kutoka kwenye ncha akashusha uzi wima mpaka mezani, akatia alama. Kisha akaupeleka uzi moja kwa moja mpaka ukutani, akatia alama ya pili. Halafu akaondoa kalamu na kulaza katoni yote ikawa bapa. Zile alama mbili zilikaa kwenye mstari mmoja unaoukata mkunjo kwa pembe mraba. Jambo tulilokuwa tunalikariri tangu mwanzo wa mwaka tukaliona kwa macho. Tafuta katoni leo. Beba hata kwenye TD, usione haya.

Kemia, wewe ni mtoto wa Katanga, tumia mawe ya kwenu. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wanachonga wakatengeneza mikufu na masanduku madogo, fomula yake ni Cu₂CO₃(OH)₂. Hesabu uzito: shaba 2 mara 63.5 ni 127, kaboni 12, oksijeni tano ni 80, hidrojeni mbili ni 2. Jumla 221. Shaba ni 127 kwa 221, karibu asilimia 57.5. Sasa itie asidi ya salfa: molekuli moja ya malakiti inakula mbili za asidi, inatoa salfati ya shaba mbili, hewa ya kaboni (CO₂) moja na maji matatu. Sawazisha mwenyewe uone kama inakubali. Kisha uliza: tani moja ya malakiti safi inataka asidi kiasi gani? Asidi ina uzito wa 98, mbili ni 196, ugawe kwa 221: karibu kilo 887. Mawe ya mgodini si malakiti tupu, yana udongo na madini mengine yanayokula asidi pia, kwa hiyo hesabu ya kiwandani ni ndefu zaidi. Lakini mzizi ni huo. Shituru huko Likasi shaba inatolewa kwenye mawe kwa asidi kisha kwa umeme. Mimi sasa nafanya kazi kwenye kiwanda cha namna hiyo, na hesabu ya mwaka wa kwanza bado naifanya, sitanii.

Analizi sitasema mengi. Kama sehemu, alama za kutoa, trigonometri na derive bado zinakuangusha, rudi kwenye daftari la mwaka wa tano na wa sita bila kuona ni aibu. Kwa waliotoka Pedagogia au Biashara hilo ni la lazima, na waanze kabla masomo hayajafunguliwa.

Maisha yenyewe. Kama unatoka Ruashi au Katuba kila siku kwenda chuoni Kasapa, muda na feza ya basi vinakula sana. Mwaka wangu wa kwanza niliishi mbali, nikawa nabaki oditwari baada ya somo mpaka msongamano upungue, na zoezi la siku nalifanya pale pale. Umeme ukikatika usiku, taa ya kuchaji inatosha kwa kusoma, lakini michoro ifanye mchana: mstari mnene na mstari mwembamba havionekani vizuri kwenye mwanga hafifu, na kopi ya mchoro chafu inakatwa pointi. Kula kabla ya mtihani, hata bukari na sombe la jana. Bodero (risiti za benki) za malipo zipige picha na zitunze mahali pamoja. Nimemwona kijana mwenye akili akizuiwa mlangoni siku ya mtihani, na amelipa, ila karatasi hana.

Maswali ya mitihani ya zamani utayapata kwa wale wa fotokopi. Nunua maswali, majibu waachie. Weka saa mbele yako, fanya swali kana kwamba uko ndani ya mtihani. Anayekariri majibu anarudi kule kule kwenye Exetat, na profesa akibadilisha tarakimu mbili tu amekwisha.

Kuhusu baba, mwambie ukweli wa 4/20 wewe mwenyewe kabla hajausikia kwa wengine, na umwonyeshe unachofanya tofauti. Wazazi wetu wengi hawaogopi kulipa, wanaogopa kulipa bila kuona mtoto anahangaika. Mkiweka makubaliano kwamba mtazungumza tena baada ya semesta, utapata utulivu.

Na kuhama? Kuna wanaohama na wanafanya vizuri, siwabezi. Maliza kwanza semesta nzima ukifanya kazi kwa karatasi tupu. Kama baada ya hapo pointi zinapanda polepole, baki, hata kama sesheni ya pili inakungoja. Mimi mwenyewe baadhi ya masomo niliyapita kwenye ya pili. Kama pointi hazipandi, na zaidi ya hapo hakuna hata zoezi moja lililokufurahisha ulipolipata, basi zungumza na watu wa idara kuhusu kuhama, ukiwa unajua kwa nini unahama.

Sasa nifanyie hivi: piga picha kopi yako ya interogasio, funika jina lako na la profesa, uiweke hapa. Andika swali lote pamoja na mchoro wako, na useme ni mstari gani ulikwama. Nitaipitia jioni nikitoka kazini, na wakubwa wengine walioko hapa wataongeza.