Muulize Mwalimu: Wanachuo 86, blogu 86

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa Kiswahili katika chuo cha ualimu. Muhula uliopita niliwaambia wanachuo wangu 86 kila mmoja afungue blogu, aandike kila wiki na atoe maoni kwa wenzake wawili. Kufika wiki ya nne, blogu nyingi zilikuwa zimelala, na maoni yote ni "kazi nzuri mwenzangu, endelea hivyo hivyo". Mkuu wa idara anasema kundi la WhatsApp linatosha. Niachane nazo?
Mkufunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiachane na blogu, achana na hizo 85.

Piga hesabu. Machapisho 86 kwa dakika tano tano ni zaidi ya saa saba kila wiki. Huzisomi, nami nisingezisoma. Na mwanachuo akishagundua kuwa husomi, anadesa bila haya.

Fungua blogu moja ya darasa. Kila wiki waandike sita kwa zamu, na wengine kumi uwape kazi ya kuuliza. Muhula utaisha kila mtu ameandika mara moja tu, lakini mbele ya darasa zima.

Sifa kwenye maoni zipige marufuku. Mimi sharti langu ni hili: nukuu sentensi moja ya mwenzako, kisha iulize. Kuna binti aliandika kwamba watoto wa kijijini kwao hawategi tena vitendawili. Mwenzake akamnukuu, akauliza, "Umewauliza wangapi?" Hakuwa amemuuliza hata mmoja. Jumamosi akaenda kwao, akakaa na watoto watano, akakuta wanategeana vizuri tu wakienda kuchota maji. Waliokuwa wameacha ni watu wazima. Andiko lake la pili ndilo nililompa alama.

WhatsApp ibaki na kazi yake: kipindi kimehamia ukumbi wa chini, kesho leteni insha. Ila jambo la kurudiwa wiki ya kumi usiliweke huko, litazama chini ya salamu za asubuhi, na aliyebadilisha simu halipati tena.

Bando najua ni kilio. Waandike kwanza kwenye daftari au kwenye simu bila intaneti, wabandike mara moja. Maneno 500 matupu hayafiki hata KB 10, wakati picha moja ya simu za siku hizi inaweza kula MB tatu au nne. Picha zipunguzwe, video ziachwe kabisa.

Sasa lile lililoniumiza. Mwaka 2011 kijana wangu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha aliandika kwenye blogu habari za mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma, akamtaja jina na shule. Mjomba wa mtoto akaisoma mjini. Ilibidi niende mwenyewe kuomba radhi, nikakalishwa uani kwenye kigoda saa nzima kabla baba mtu hajatoka, na alipotoka hakunisalimu. Nilistahili. Tangu siku hiyo hakuna jina la mtoto wala la shule, na blogu inafunguka kwa walioalikwa tu. Blogger, huduma ya blogu ya Google, inakuruhusu kuchagua wasomaji, nao wanaingia kwa akaunti zao za Google. Kama chuo chenu kina Moodle, ule mfumo wa kufundishia mtandaoni, nayo ina sehemu ya blogu.

Ukitaka kuiweka wazi kwa umma, pita TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai leseni ya kulipia hata kwa wenye blogu, na zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Ulizia zilizopo sasa, usitegemee ya vijiweni.

Na huyo mkuu wa idara mwalike awe msomaji. Wiki ya kwanza mpe zamu ya kuuliza, kwa sharti lile lile la kunukuu.