Konvata ya 12 V kwenda ±30 V inaunguza mosfeti? Zitoe kwanza

Amplifaya ya TDA7294 inayotumia betri ya gari au ya sola inahitaji umeme wa pande mbili: +30 V, sufuri na −30 V. Mafundi wengi huunda konvata yake wenyewe kwa IC ya SG3525 (inayotoa mapigo ya kuendesha konvata), mosfeti mbili (transista za kukata na kuwasha mkondo, zenye geti ya kuziamrisha, na dreni na sosi za kupitisha mkondo) na kiini cha ferite kilichotolewa kwenye pawa saplai ya kompyuta. Saketi ni ndogo na vipuri vinapatikana. Tatizo ni kwamba ikiwa na kosa, mosfeti huungua kabla hujapata nafasi ya kupima chochote, na fundi huishia kuweka mpya, kuwasha, kuunguza tena. Mosfeti mara nyingi hubeba adhabu ya kosa lililo kwingine. Kwa hiyo zitoe zote mbili, uzifikie mwishoni.

Vipimo vilivyomo humu ni vya konvata ya pushi-puli (mosfeti mbili zikipokezana) ya wati 150 hivi: praimari (upande wa betri) mizunguko 5+5, sekondari (upande wa matokeo) 15+15, kiini chenye eneo la kati la sentimita 1.1 za mraba, frikwensi ya transfoma karibu kHz 46. Ya kwako ikitofautiana kidogo, utaratibu haubadiliki. Na amplifaya isiunganishwe mpaka mwisho kabisa. Gari likiwa linanguruma betri hufika 14.4 V, na marejesho (saketi inayoiarifu IC volti za matokeo) yakikatika sekondari hii inaweza kutoa zaidi ya 40 V kila upande, wakati TDA7294 imepewa kikomo cha kufanyia kazi cha ±40 V.

Balbu kwanza

Kwenye waya wa positivu unaotoka betrini, unganisha kwa mfululizo balbu ya indiketa ya gari, 12 V 21 W. Shoti ikiwepo, balbu itawaka na mkondo hautapita ampea 1.75 au zaidi kidogo. Konvata nzima, isiyo na mzigo, hula chini ya nusu ampea. Balbu itawaka mara moja kapasita zikijaa, kisha itazimika au kubaki na wekundu hafifu. Ukimaliza hatua zote, badilisha uweke ya taa kubwa ya 55 W, ndipo mwishoni uweke fyuzi ya 20 A karibu na betri. Fyuzi peke yake hailindi kitu hapa. Inalinda nyaya zisiwake moto, lakini mosfeti itakuwa imeshakufa.

IC ikiwa peke yake

Washa bila mosfeti. Pini 15 na pini 13 zote ziwe na volti za betri. Wengi husahau 13, na hiyo ndiyo inayolisha matokeo. Pini 16 isome 5.1 V. Kisha pima pini 11 na 14 kwa volti za DC, waya mweusi wa mita ukiwa pini 12. Kwa kuwa sekondari haina umeme, IC inatoa upana wote wa mapigo yake, hivyo kila moja isome karibu 5 V, na tofauti kati yao isizidi 0.2. Mita yenye kipimo cha Hz isome karibu 46,000. Hizo zinatokana na rezista ya 6.8 k pini 6, kapasita ya 2.2 nF pini 5, na 47 Ω kati ya pini 5 na 7. Kapasita hiyo iwe ya poliyesta. Kauri za bei ya chini huhama thamani zikipata joto na frikwensi huhama nazo.

Pini 11 na 14 zikisoma sufuri zote, angalia pini 10: isiachwe hewani, ipeleke negativu. Kisha pini 8. Hapo hukaa kapasita ya kuanza taratibu, na IC huijaza kwa mkondo wa 50 µA tu. Elektrolaiti kuukuu inayovuja kidogo hula mkondo huo wote, pini 8 inakwama chini, na IC inaonekana mbovu kumbe ni nzima. Weka mpya ya 10 µF. Wanaoweka 0.1 µF hukosea upande wa pili: konvata hupanda upana wote ndani ya milisekunde chache, kapasita za matokeo zikiwa tupu na kuonekana kama shoti.

Pini moja ikisoma 5 V na nyingine sufuri au 11 V, tupa IC. Mosfeti inapokufa mara nyingi hupitisha umeme wa dreni hadi kwenye geti na kuharibu pini iliyoiendesha. Badilisha pia rezista ya geti hata kama haijabadilika rangi. Iwe 10 hadi 22 Ω, pamoja na 10 k kutoka geti kwenda sosi.

Kama umetumia TL494 (IC nyingine ya kazi hiyohiyo), kuna mtego mmoja unaostahili kuelezwa vizuri. Transista zake za ndani husukuma tu, hazivuti. Ukichukua umeme kwenye emita na kuweka 1 k kuelekea negativu, geti ya IRF3205 yenye nF 3.2 hivi itachukua zaidi ya mikrosekunde 3 kujimwaga. Nafasi ya mapumziko kati ya mosfeti mbili kwa kawaida haifiki mikrosekunde moja. Hivyo moja inawashwa ya pili haijazima, na hitsinki inachemka hata bila mzigo. Weka transista ya PNP kama A1015 au BC557 kila upande ili ivute geti chini haraka.

Mosfeti feki

IRFZ44N na IRF3205 feki zimejaa madukani, Kariakoo na Luthuli Avenue zikiwemo. Usiamini maandishi, pima. Sosi iende negativu ya betri, geti iende positivu, na balbu ileile ya 21 W iwe kati ya positivu na dreni. Balbu itawaka kabisa. Sasa pima milivolti kati ya dreni na sosi, ncha za mita zikigusa miguu karibu na mwili. IRF3205 halisi ina 8 mΩ, kwa hiyo utaona kama mV 14, isizidi 20. IRFZ44N ina 17.5 mΩ, utaona kama mV 30, isizidi 40. Ikisoma 80 au 100, hiyo si yenyewe.

Unapozifunga kwenye hitsinki, kumbuka bati la mgongoni ni dreni. Dreni mbili zikigusana kupitia hitsinki umeunga ncha mbili za praimari. Weka maika na bushi ya skrubu kwa kila moja, kisha pima kwa mita kabla ya kuwasha.

Transfoma

Nusu mbili za praimari zinaungwa mwanzo wa moja na mwisho wa nyingine. Maungio hayo ndiyo sehemu ya kati inayopokea +12 V. Ukiunga mwanzo na mwanzo, mosfeti zote mbili zinavuta usumaku upande mmoja, kiini kinashiba, balbu inawaka moja kwa moja. Jaribu kabla ya kuunga: kwa mita ya LCR (inayopima henri za koili), ncha mpaka ncha isome mara nne ya nusu moja. Ikisoma karibu na sufuri, geuza nusu moja.

Kipimo hichohicho kinakuambia hali ya kiini. Mizunguko 5 kwenye ferite isiyo na mwanya hutoa kama µH 60. Ukipata µH 10, basi kuna mwanya: kiini kimetoka kwenye transfoma ya aina nyingine, au kilipasuka wakati wa kukifungua, au gundi imeingia kati ya vipande viwili. Kwa µH 60 mkondo wa usumaku hupanda na kushuka kwa ampea 2.6, kwa µH 10 ni zaidi ya ampea 15, bila mzigo wowote. Hiyo ndiyo maana ya konvata inayochemka ikiwa haina kazi. Kufungua kiini, kichemshe kwenye maji dakika 15 hivi gundi ilegee, halafu vuta polepole. Usikibandue kwa bisibisi.

Waya usizidi unene wa 0.6 mm, kwa sababu kwa frikwensi hii umeme hupita karibu na ngozi ya waya. Praimari inahitaji nyuzi 12 za 0.5 mm, sekondari nyuzi 3. Kwangua enameli ya kila uzi na uupake solda mmoja mmoja. Fungu la nyuzi 12 ambalo saba tu ndizo zimeshika solda litapita vipimo vyote vya hapo juu, kisha litachemka kwenye mzigo.

Sufuri inayohama

Sasa rudisha mosfeti, washa kupitia balbu, upime matokeo. Konvata za pande mbili huwadanganya watu hapa, kwa sababu huwa wanapima upande mmoja tu. Anza kwa kupima kati ya positivu na negativu za matokeo, halafu ndipo kila upande dhidi ya sufuri.

Jumla ikiwa 60 V lakini pande zikisoma, tuseme, +42 na −18, daiodi zako ni nzima na transfoma inafanya kazi. Kilichokatika ni waya wa sufuri kutoka katikati ya sekondari. Sufuri inaelea, na upande wenye mzigo mwepesi unapanda. Kosa hili ni hatari kuliko yote, maana bila mzigo zinaweza kusoma +30 na −30 safi kabisa, kisha amplifaya ikianza kuvuta upande mmoja zaidi, upande wa pili unapaa na kuiua. Mara nyingi ni enameli isiyokwanguliwa vizuri kwenye maungio ya kati.

Jumla ikipungua na upande mmoja ukawa chini, angalia daiodi za upande huo na kapasita yake. Kwenye −30 V, mguu wa positivu wa kapasita unaenda sufuri. Ukiweka kinyume, itavimba na inaweza kupasuka; vaa miwani unapowasha mara ya kwanza. Kapasita ziwe za 50 V, si 35 V.

Kosa la tatu limejificha zaidi. Nusu za sekondari zikiungwa kinyume, bado utapata +30 na −30! Ncha zote mbili zinakuwa positivu kwa pamoja na kulisha upande wa juu, kisha negativu kwa pamoja na kulisha upande wa chini. Kila upande unalishwa nusu ya muda tu. Dalili ni mosfeti moja kuchemka kuliko mwenzake mzigo ukiwa mkubwa upande mmoja. Pima kwa LCR kama ulivyofanya kwenye praimari: nusu ya mizunguko 15 hutoa kama µH 560, na ncha mpaka ncha iwe kama mH 2.2.

Kuhusu daiodi: 1N5408 na daraja la KBPC3510 hazifai. Ni za umeme wa 50 Hz na hazizimi kwa wakati, kwa hiyo kila zamu inapobadilika huwa shoti ya muda mfupi. Daiodi za Schottky za 45 V kutoka laini ya 5 V ya kompyuta nazo zitakufa, kwa sababu hapa kila daiodi hukutana na volti 86 za kinyume pamoja na miruko juu yake. Tumia MUR1560 nne, au nyingine za haraka sana za 200 V na kuendelea.

Choki inayofungwa kinyume

IC haiwezi kudhibiti volti bila choki (koili ya kulainisha mkondo) baada ya daiodi. Bila hiyo, kapasita hujaa mpaka kilele cha sekondari hata IC ikipunguza upana, na mkondo unapita kwa mishindo mikali inayochemsha mosfeti. Chukua duara la njano na nyeupe kutoka pawa saplai hiyohiyo, toa nyaya zake zote, zungusha nyaya mbili za 0.8 mm zikiwa zimelazwa pamoja, mizunguko 25.

Zingatia miunganisho. Mwanzo wa waya wa kwanza unaenda daiodi za positivu. Kwa waya wa pili, mwisho wake ndio unaenda daiodi za negativu, na mwanzo wake kwenye kapasita. Ukipeleka mianzo yote miwili kwenye daiodi, usumaku wa moja unafuta wa nyingine, na ni kama hukuweka choki kabisa. Ikiunganishwa sawasawa, inasaidia pia pande mbili zifuatane hata mizigo ikitofautiana.

Marejesho nayo yapime kati ya +30 na −30, si kutoka +30 kwenda sufuri. Unga kwa mfululizo zena (daiodi za kushikilia volti) za 27 V na 30 V, rezista ya 1 k na taa ya PC817 (kipuri kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunga umeme), upande wa pili wa PC817 ukivuta pini 9 kuelekea negativu. Weka rezista ya 1.5 k, 2 W, kila upande kuelekea sufuri ili volti zisipande bila mzigo, na kapasita zijimwage ukizima.

Ikianguka ukiongeza sauti

Wati 150 ni kama ampea 15 kutoka betrini. Waya wa 2.5 mm² wenye mita tatu kwenda na tatu kurudi unapoteza 0.6 V; wa 6 mm² unapoteza robo ya volti. Pima volti kwenye ubao wa konvata sauti ikiwa juu, usipime betrini. Kapasita za kuingilia, mbili au tatu za 2200 µF 25 V, zikae ndani ya sentimita tatu kutoka katikati ya praimari. Kila dreni iwe na 4.7 nF na 10 Ω ya 1 W kwa mfululizo kwenda negativu, kupunguza miruko. Mosfeti za 55 V hazina nafasi kubwa ya kuivumilia.

Spika ikilia mluzi unaofuata mwendo wa injini, sufuri ya matokeo imeungwa moja kwa moja na negativu ya gari, na waya wa sauti kutoka redio unafunga duara la pili. Tenganisha hizo mbili, weka rezista ya 100 Ω kati yake. Kwa kuwa PC817 tayari imetenga marejesho, hakuna kingine kinachohitaji muungano huo.