Re: Nyambizi za Mrusi zina kelele kweli?

Mkuu umeuliza kama ni kweli nyambizi za nyuklia za Mrusi zinapiga kelele hadi Mmarekani anazisikia akiwa mbali. Zamani ndiyo, sasa hivi sio rahisi hivyo aisee. Kinu cha nyuklia lazima kipozwe muda wote kwa hiyo pampu zinanguruma, kuna tabaini (mtambo unaozungushwa na mvuke), kuna giaboksi, halafu propela ikizunguka kwa kasi inatengeneza vipovu vinapasuka pasuka na hivyo ndo vinasikika mbali balaa. Warusi walikuja kujua wanavyosikika kupitia John Walker, jamaa wa jeshi la maji la Marekani aliyewauzia siri miaka na miaka mpaka akadakwa 1985. Miaka hiyohiyo ya 80 wakajipatia mashine za kuchonga propela zisizo na kelele nyingi kutoka Toshiba Machine ya Japani na mitambo ya kuziongoza kutoka Kongsberg ya Norwei, nchi ya NATO (umoja wa kijeshi wa Marekani na wenzake) kabisa hiyo 😂, skendo ikalipuka 1987.

Leo wana nyambizi za aina ya Borei, ya kwanza iliingia kazini 2013, propela imefichwa ndani ya bomba (pampujeti) na bodi imevikwa raba ya kupunguza sauti. Inabeba makombora 16 ya Bulava yanayoenda zaidi ya km 8,000, inafyatua ikiwa chini ya maji hukohuko karibu na kwao, haina haja ya kusogelea Marekani. Ila Bulava iliwatesa sana kwenye majaribio, Desemba 2009 moja ilifeli ikachora mzunguko wa mwanga angani, Norwei nzima wakabaki wanaulizana kama ni viumbe wa sayari nyingine.