Jibu: Je, baridi ya Njombe huzidhoofisha paneli za sola?

Ndugu, fundi aliyekuambia kwamba paneli hazitakufaa Njombe kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai amekupotosha. Paneli huzalisha umeme kutokana na mwanga, wala si joto. Tena joto ndilo linaloipunguzia nguvu, kwani uwezo ulioandikwa mgongoni mwake hupimwa seli zake, yaani vipande vidogo vinavyozalisha umeme, zikiwa na nyuzijoto 25, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli iliyobanwa juu ya bati Dar es Salaam, seli zake zikifika nyuzi 65, hupoteza zaidi ya asilimia 10. Huko kwenu adui ni ukungu, mawingu na kivuli cha mti, hata kikiangukia kona moja tu. Iinamishe paneli kidogo kuelekea kaskazini, maana Juni jua huwa upande huo.

Kuhusu betri ya gari uliyonayo, hiyo hutengenezwa ili iwashe injini kwa mkupuo, si kuendesha taa na televisheni usiku kucha. Ukiimaliza chaji kila siku, itakufa mapema, hata kama bei yake inavutia.