Baraza la madiwani halikai kila mwezi

Dada yangu wa Ngamiani, umeuliza baraza la Jiji la Tanga linakaa tarehe ngapi ya mwezi, ukasema habari ya taka, bomba linalovuja na mashimo ya barabarani. Baraza kamili hukaa kila robo mwaka. Kinachokaa kila mwezi ni Kamati ya Fedha na Uongozi, nacho ni kikao cha wajumbe wake. Baraza kamili unaweza kwenda kusikiliza, ila kipaza sauti hupewi. Anayekusemea ni diwani wako.

Halafu katika hayo matatu, la jiji ni moja tu, taka. Bomba ni la Tanga UWASA, mamlaka ya maji. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na hapo ndipo meya hutukanwa bure. (Meya mwenyewe huchaguliwa na madiwani, lakini mkurugenzi, mwenye ofisi na watendaji, huteuliwa na Rais.)

Kwa taka usingoje kikao. Anza na mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa afya wa kata. Peleka barua kwa mtendaji wa kata na nakala yako igongwe muhuri. Mimi nilipiga domo mwezi mzima, nikaambulia "tunalifanyia kazi". Barua yenye muhuri ikaleta gari ndani ya wiki.

Na ukidaiwa ada ya taka, omba kumbukumbu namba ya malipo. Fedha mkononi usimpe mtu, hata akivaa kizibao cha jiji.